Majani Yasiyo na Tundu

Zipu ya gauni langu la harusi iligoma katikati ya mgongo, na fundi aliyekuwa ameishika akacheka kidogo kabla hajakumbuka kwamba mteja ni mimi. Tulikuwa kwenye chumba chake cha nyuma, mjini Bariadi, mbele ya kioo chenye ufa. Gauni nilikuwa nimelichagua mwenyewe Mwanza miezi miwili kabla, nikalijaribu, likanikaa vizuri. Sasa mwaka mpya umeingia, harusi imepangwa baada ya Pasaka, na mgongo wangu umeongezeka bila kuniomba ruhusa. Fundi alisema anaweza kuweka kipande pembeni, hakuna atakayejua. Nilimjibu kwa sauti ambayo hakuistahili. Nilimwambia gauni haliongezwi hata uzi, mimi ndiye nitakayepungua.

Sikuwa na sababu ya kushangaa, ila nilishangaa. Kazi yangu ilikuwa ya pikipiki. Leo niko Kasoli, kesho Nkoma, keshokutwa nimetokeza upande wa Maswa, na chakula changu ni kile kilichopo pale pikipiki inapozimwa: chipsi mayai, maandazi, soda ya baridi. Jioni nikirudi mjini nimechoka, najipongeza kwa nyama choma. Nilikuwa nimeishi hivyo kwa miaka minne na kujiona mtu aliyefanikiwa, kwa sababu kwetu mtoto aliyekula nyama katikati ya wiki ni mtoto aliyesoma.

Aliyenisomesha hakuwa akila nyama katikati ya wiki. Ni bibi yangu mzaa mama, wa Kasoli, aliyenichukua mama alipofariki nikiwa darasa la pili. Alinilea kwa pamba yake na kwa mboga zake. Nilipompigia simu na kumweleza habari ya zipu, alicheka mpaka akakohoa. Kwa utani wetu yeye huniita mke mwenza, maana marehemu babu alikuwa akisema amenioa mimi na yeye ni mpishi tu. Akaniambia, mke mwenza, wewe umenenepa kwa vyakula vya watu usiowajua, rudi ule vya nyumbani.

Nikarudi. Si kwa miguu, kwa mdomo. Kila Jumamosi dereva wa bodaboda aliniletea mfuko kutoka Kasoli: majani mabichi ya kunde ya kula wiki hiyo, na chini yake nsansa, yaani majani hayohayo yaliyochemshwa kidogo na kukaushwa juani ili yadumu. Wakati mwingine Bibi aliongeza michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, ambavyo nilipokuwa shule ya bweni niliona aibu kuvila mbele ya wenzangu. Sasa nilivila ofisini, mezani, kila mtu akiona. Mchana mboga ya kunde na karanga, jioni mboga ya kunde bila karanga. Nilikuwa na mdomo wa kuhubiri, nikahubiri. Niliwaambia wenzangu wa ofisi kwamba miili yao imejaa mafuta ya vibandani, kwamba asili ndiyo dawa, kwamba watazame ngozi yangu. Niliwanyanyulia hata majani yenyewe wayaone. Yalikuwa mapana, ya kijani iliyokolea, hayana tundu hata moja. Nilisema bibi yangu anajua kulima.

Sasa lazima niseme kazi yangu ilikuwa nini, maana jambo lote liko hapo. Nilikuwa afisa wa shambani wa kampuni moja inayonunua pamba. Msimu wa kilimo nilizunguka kwenye vikundi vya wakulima nikiwafundisha kupanda kwa mstari, kupunguza miche, na zaidi ya yote kupiga dawa ya wadudu. Chupa moja kwa ekari moja, bomba liwe safi, upepo uwe nyuma yako, jua liwe limepoa. Watu waliniita bwana shamba ingawa nilikuwa msichana wa hereni, na mimi niliitika. Nilipenda kusimama mbele yao. Nilipenda zaidi pale wazee waliokuwa wakinijua nikichunga ndama walipovua kofia kunisikiliza.

Kulikuwa na tatizo moja lililonikera sana. Dawa ya pamba watu waliigeuza dawa ya kila kitu. Mmoja aliiogeshea mbwa mwenye kupe. Mwingine aliinyunyizia kwenye mahindi ya ghalani. Nilisikia habari ya mama aliyempaka mtoto kichwani kwa ajili ya chawa, na siku hiyo niligombana na kikundi kizima. Kuanzia hapo nikatunga sentensi, nikaisema kila mkutano, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, nikawafanya wairudie kwa pamoja mpaka niridhike. Dawa hii ni ya pamba. Kwenye kitu kingine chochote haifanyi kazi. Nilijiona nimeokoa watu. Bibi yangu, aliyekuwa mwanachama wa kikundi cha Kasoli, aliirudia kwa sauti kubwa kuliko wote, akikaa mbele kabisa, akiwaangalia majirani kama mtu anayesema huyo ni wangu.

Jambo la pili lilihusu kunde. Kampuni ilikataza kuchanganya mazao kwenye shamba la pamba. Katika fomu ya ukaguzi kulikuwa na mstari unaouliza kama kuna zao jingine ndani ya pamba, na mkulima mwenye zao jingine alisumbuliwa. Lakini hakuna mwanamke wa huku asiyechomeka kunde kati ya mistari ya pamba. Ardhi imeshapaliliwa, mvua ipo, mboga itatoka wapi? Ukiwauliza wanasema zimejiotea. Mimi nilizaliwa humo, nilijua hazijajiotea, na niliwahurumia. Kwa hiyo kila nilipofika kwenye ule mstari niliandika kwamba hakuna. Shamba la Bibi niliandika hakuna bila hata kushuka kwenye pikipiki.

Niliyaweka mambo haya mawili kichwani mwangu kwa miaka minne, moja upande huu, jingine upande ule, na hayakuwahi kukutana. Hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo kuliko yote. Mimi si mjinga. Nilisomea kilimo.

Mchumba wangu ni mpima ardhi wa halmashauri, mtu wa Mbeya aliyeletwa huku na barua ya ajira, mpole kiasi cha kuniudhi. Wakati ule tulikuwa na ugomvi mmoja tu. Yeye aliona nikishaolewa nitafute kazi ya kukaa mjini, barabara za mvua na pikipiki zinamtia hofu. Mimi nilikuwa nimeahidiwa kwamba msimu ukiisha nitakuwa msimamizi wa eneo zima, nina watu chini yangu na gari la kazi. Nilimwambia kazi yangu siiachi kwa ajili ya harusi ya mtu, hata kama mtu huyo ni mimi. Alinyamaza, na ukimya wake niliuhesabu kama ushindi.

Kamati ya send-off nayo ilikuwa na ugomvi wake, wa chakula. Wajomba walitaka pilau, kuku, ng'ombe mmoja na makreti ya soda, kama watu. Bibi alisema vyote hivyo sawa, ila chakula cha kwanza kitakachoingia mdomoni mwa mjukuu wake siku hiyo, na cha wageni wa meza kuu, ni nsansa ya karanga aliyoipika yeye. Amenikuza kwa hiyo, ataniaga kwa hiyo. Wajomba walicheka, mmoja akauliza tuwape wageni wa Mbeya chakula cha njaa? Bibi hakubishana nao. Alianza kukausha majani. Mwezi wa pili ulipofika alikuwa na gunia moja limejaa na la pili limefika nusu, na habari ya magunia hayo ilikuwa imeshafika mpaka kanisani.

Katika wiki hizo tumbo langu lilianza kunisokota. Lilikuwa linakuja na kuondoka. Kichwa kiliuma, mate yalijaa mdomoni, asubuhi nyingine nilitapika. Kwa mwanamke anayejiandaa kuolewa unajua watu walisema nini. Shangazi mmoja alinitazama tumboni, akaniuliza taratibu kama padri anajua. Nilikasirika, nikaenda kupima ili nimwoneshe, nikamwonesha, akasema basi ni wasiwasi wa harusi. Nami nikaamini ni wasiwasi wa harusi. Gauni lilikuwa linaanza kupita, na hilo ndilo nililotaka. Bibi naye kwenye simu alilalamika macho yanamtoka machozi na mikono inatetemeka. Nilimwambia ni uzee, nitamnunulia miwani.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, Kwaresima imeshaanza. Nilikuwa na kipande cha kitenge cha sare nataka Bibi akione kabla hatujanunua doti nyingi, nikakatisha njia ya kazi nikapitia Kasoli bila kumpigia simu. Nyumbani nilikuta kuku tu. Magunia mawili yalikuwa yameegeshwa ukutani ndani, la pili sasa limejaa na limeshonwa mdomo kwa uzi wa bluu. Jirani alinisalimia ng'ambo ya ua, mwangaluka, nami nikamwitikia, akanionesha kwa kidevu upande wa shamba.

Nilifika mwisho wa njia na harufu ikanipokea kabla ya mtu. Harufu ile naijua kuliko manukato yangu. Inakaa puani, ina utamu fulani mbaya. Nilijua shamba limepigwa dawa na hata siku mbili hazijapita. Pamba ilikuwa imefika kiunoni, imechanua vizuri, na katikati ya mistari, ameinama, kitenge kimefungwa kifuani, kapu mkononi, alikuwa bibi yangu. Mkono wake ulikuwa unakwenda chini ya pamba, unachuma, unarudi kwenye kapu.

Alinisikia, akanyoosha mgongo, akafurahi. Akasema mke mwenza umekuja kabla sijakuita. Mimi sikumwamkia. Nilisimama kwenye tuta na kipande cha kitenge mkononi.

"Bibi, shamba hili limepigwa dawa lini?"

"Jana jioni. Jua likiwa limepoa, kama ulivyotufundisha."

"Na unachuma nini?"

"Zako."

Nilimuuliza kama zote, zile za kila Jumamosi, na zile za kwenye magunia, kama zote zimetoka humu. Alinishangaa, kwa jinsi nilivyouliza. Akasema zile zilizo kwenye mahindi karibu na nyumba zimeliwa na wadudu, zimetobokatoboka, hazifai. Za humu kwenye pamba hazina tundu hata moja. Alizichagua kwa makusudi, alisema, zilizo karibu kabisa na shina la pamba, kwa sababu hizo ndizo safi kuliko zote na mimi ni bibi harusi.

Nikaanza kupiga kelele. Ningependa kuandika kwamba nilimkumbatia, lakini sikumkumbatia. Nilimwambia hiyo ni sumu, anakula sumu, ananilisha sumu, mtu mzima hawezi kuchuma mboga kwenye sumu, mbona hana akili. Nilisema neno hilo. Nikamnyang'anya kapu nikalimwaga, nikayakanyaga majani kwa viatu vya kazi, vile vyenye nembo ya kampuni. Yeye alitazama majani chini, akanitazama mimi. Hakukasirika. Alionekana kama mtu anayejaribu kukumbuka alipoweka ufunguo.

"Si ulisema wewe mwenyewe, mjukuu wangu? Dawa hii ni ya pamba. Kwenye kitu kingine chochote haifanyi kazi." Akaokota jani moja miguuni pangu, akalifuta udongo. "Hii si pamba. Hii ni kunde."

Nimesikia watu wakisema walipigwa na butwaa, na nilidhani ni maneno tu ya kusema. Masikio yangu yaliziba. Nilimwona Bibi akiendelea kuongea na sikumsikia. Niliona mkutano wa Kasoli, yeye mbele, mimi nimenyoosha kidole, watu wanaitikia. Niliona Nkoma, niliona vikundi vyote vya upande wa Maswa. Wote waliitikia. Kila mmoja wao ana kunde kati ya pamba yake, na kila mmoja wao nilimwandikia hakuna.

Nilikaa chini, palepale kwenye harufu. Bibi aliniambia niinuke, ardhi imelowa, nitachafua suruali. Baadaye, tukirudi nyumbani, yeye mbele mimi nyuma, aliuliza swali moja tu, bila kugeuka.

"Sasa siku yako nitakulisha nini?"

Kesho yake nilimpeleka hospitali, mimi na yeye pamoja. Daktari alitusikiliza vizuri. Alisema hawezi kuapa kwamba tumbo langu ni majani yale, mabibi harusi wengi wanaojinyima chakula huja na tumbo la namna hiyo, na mikono ya Bibi ina umri wake. Ila tuache leo hii kula majani yale. Macho ya Bibi, alisema, ataendelea kuyafuatilia. Alikuwa anaandika, kisha akaacha kuandika. Akauliza, sasa si kama daktari, kwamba mke wake hununua nsansa sokoni, nsansa ile hutoka mashamba gani. Nilimwambia hutoka kotekote. Aliweka kalamu mezani na hakuishika tena mpaka tunatoka.

Ofisini nilikwenda kwa msimamizi wangu, mtu mwema, hilo nalisema bila kejeli. Nilimweleza yote. Nilimwomba mafunzo yabadilishwe kabla dawa ya raundi inayofuata haijatoka, watu waambiwe wasichume chochote kati ya pamba. Alinisikiliza, akasimama, akatoa faili la fomu zangu. Akanifungulia moja, ya pili, ya tatu, akinionesha mstari uleule kwa kidole. Hakuna. Hakuna. Hakuna. Ulikuwa mwandiko wangu, mzuri, wa kuinamia kulia.

"Katika mashamba yako hakuna kunde," alisema. "Sasa tunamwonya nani?"

Hakuwa ananitisha. Alikuwa ananisaidia, kwa anavyoona yeye. Akaongeza kwamba wakulima wakiogopa dawa msimu utaharibika, na cheo changu kinasubiri mwisho wa msimu, na kwamba nimwonye bibi yangu na ndugu zangu, yatosha. Nilitoka nje nikakaa juu ya pikipiki bila kuiwasha. Nilikuwa naona jinsi ingekuwa rahisi. Ningesema sawa, ningepata gari, na hakuna ambaye angejua.

Mchumba wangu nilimkuta amepiga magoti barazani anaosha viatu vyake vya kazi. Nilimsimulia nikilia. Nilisubiri aseme nilikwambia, uache kazi hiyo. Hakusema. Aliniuliza vikundi ni vingapi. Nikamtajia. Akasema kwa pikipiki, nikianza kesho, nitavimaliza kabla ya Pasaka.

Nikavianza. Sikumuuliza mtu ruhusa. Nilisimama palepale nilipokuwa nikisimama, mbele ya watu walewale, nikawaambia ile sentensi niliyowafundisha waisahau. Niliwaambia dawa haichagui jani, inaua kwenye pamba na inakaa kwenye kunde, na aliyechuma asile, aliyekausha afukie. Nilitaja bibi yangu. Nilitaja tumbo langu. Nilidhani watanipigia kelele, nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Lakini walikaa kimya tu, na kimya hicho ni kigumu zaidi kwa mtu mwenye mdomo kama mimi. Kule Nkoma, mama mmoja alisimama na mtoto mgongoni, akauliza kwa upole kabisa, na za mwaka jana tulizokula, bwana shamba? Nilimwambia sina jibu. Akasema wabeja, asante, akakaa chini.

Wiki ya Matawi niliitwa ofisini nikakabidhi pikipiki, fulana mbili na viatu. Msimamizi wangu alinisindikiza mpaka getini, akanitakia ndoa njema.

Kasoli nilikwenda kufukia magunia. Bibi alikuwa ameshachimba shimo mwenyewe nyuma ya nyumba, mbali na kisima, na jembe lilikuwa limelala kando. Alikata ule uzi wa bluu kwa meno. Tulimwaga gunia la kwanza, tukamwaga la pili, kazi yake ya wiki zote zile, na sikusikia neno kutoka kwake zaidi ya "shika huku". Nilimwomba msamaha kwa kumwambia hana akili. Alisema ameshasahau. Nilijua hajasahau, kwa sababu hakuniita mke mwenza. Aliniita mwalimu.

Baada ya hapo hakuja kwenye kikao chochote. Wajomba walipompigia simu alisema wapike pilau yao. Nami simu zake zilikuwa fupi, unaendeleaje, vizuri, haya. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kazi nilikuwa nimeipoteza na nililala usingizi. Lakini wazo kwamba siku ya kuagwa kwangu yule mwanamke atakaa kwake Kasoli, kwa sababu nilimwaga chakula chake na kukikanyaga mbele ya macho yake, hilo lilinikosesha hamu ya kula hata wali. Nilipungua kuliko gauni lilivyotaka. Fundi alilazimika kubana pembeni alikokuwa ameomba kuongeza, akacheka tena, na safari hii sikumgombeza.

Siku ya send-off ukumbi ulijaa. Wageni wa Mbeya walifika, pilau ilinukia, muziki ulipigwa kwa nguvu isiyo na sababu. Msema chochote alinifuata nyuma ya pazia akaniuliza anitambulishe kwa cheo gani, kwenye karatasi yake imeandikwa afisa. Nilimwambia afute. Akauliza aandike nini. Kiti cha Bibi meza kuu nilikuwa nakiona kutoka pale, hakina mtu, kimewekewa maji na glasi. Nilimwambia aseme mjukuu wa bibi wa Kasoli.

Nilikuwa nimeshaketi, keki imeshaletwa, nilipomwona anaingia mlangoni. Alivaa kitenge cha sare, kumbe alikipata. Mikononi alibeba sufuria imefungwa kwa kanga, na hakutaka mtu yeyote ampokee. Alitembea katikati ya ukumbi polepole, msema chochote akaacha kuongea, akafika mezani, akaiweka mbele yangu, akasukuma keki pembeni. Nilisimama. Nikapiga goti kumwamkia, gauni na yote.

Hakufungua sufuria. Alifungua kwanza fundo kwenye pindo la kanga yake, akatoa majani mabichi ya kunde, matano au sita, akayatandaza kwenye kitambaa cheupe cha meza. Mikono ilikuwa bado inatetemeka. Alikuwa amepanda kunde mpya siku ileile tuliyotoka hospitali, alisema, karibu na zizi la ndama, ambako hakuna pamba, na kila asubuhi alikwenda kuzitazama kwa karibu na macho yake yale. Alinyanyua jani moja akalielekeza kwenye taa ili nione. Mwanga ulipita kila mahali. Lilikuwa limeliwa mpaka limebaki kama chujio.

"Nilichagua yaliyotobolewa sana," alisema, akinitazama nione kama amepatia. "Wadudu wamekula kwanza. Na niliwakuta wazima."

Nikawa nalia mbele ya wageni wa Mbeya na rangi ya macho ikinichuruzika. Yeye alifungua sufuria, akachota kwa mkono wake, akapuliza.

"Kula basi, mke mwenza," alisema. "Chakula kinapoa."